Unajua kushika ruta? Kuna kazi ya simu za ofisi inakungoja Kitengela

Ukishuka barabara ya Namanga kutoka Athi River, unapita Kitengela, Isinya, kisha unaingia Kajiado mjini. Kandokando ya barabara hiyo kuna mashamba ya maua yanayouza Uholanzi, mashirika ya misaada yenye makao ng'ambo na kampuni za utalii zenye wenzao Arusha.

Ofisi nyingi za aina hii huongea na wenzao kwa WhatsApp kwenye simu ya bosi. Bosi akienda safari au chaji ikiisha, ofisi nzima inakuwa bubu. Oda ya maua haingoji, na mteja asiyepata jibu hutafuta shamba lingine.

Hapo ndipo wewe kijana wa IT unaweza kuingia.

Mambo yanavyoenda

Simu ya intaneti, au VoIP, huikata sauti yako vipande vidogo, kwa kawaida 50 kwa kila sekunde. Vipande hivyo husafiri kwenye intaneti na kuunganishwa upande wa pili. Kinachosimamia kazi yote ni seva moja, na hata kompyuta kuukuu inatosha kwa ofisi ndogo. Programu inayotumika sana ni Asterisk, ambayo Mmarekani Mark Spencer aliianzisha mwaka wa 1999. Ni ya bure.

Kila mfanyakazi hupewa namba fupi. Kitengela wanaweza kuwa 101 hadi 120, na wenzao wa Uholanzi 201 hadi 220. Mtu wa mapokezi akibonyeza 205, simu inalia Uholanzi kana kwamba iko chumba cha pili. Hakuna malipo ya dakika, mnalipia intaneti tu.

Usisahau saa. Uholanzi iko nyuma yetu kwa saa moja majira ya joto na saa mbili majira ya baridi. Ipange seva ijue hivyo, ili simu ya asubuhi ikikuta ofisi imefungwa, mpigaji aweze kuacha ujumbe.

Zamani hii ilikuwa mwiko

Kuna wakati kazi hii ingekutia matatani. Telkom Kenya ndiyo iliyokuwa na haki ya kipekee ya simu za kimataifa, na VoIP ilipigwa marufuku. Hata KIXP, kituo cha Nairobi ambako kampuni za intaneti hubadilishana data humu nchini, kilifungwa na tume ya mawasiliano, CCK, mwishoni mwa 2000, muda mfupi baada ya kuanza. Kilifunguliwa tena 2002. Ukiritimba wa Telkom nao ulikwisha mwaka wa 2004.

Ruhusa ilipopatikana, sauti bado ilikuwa taabu. Data zetu zilipitia setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka tu ni karibu robo sekunde, na jibu likirudi ni nusu sekunde. Watu walikuwa wakikatizana maneno kila mara. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, hali ikabadilika.

Pima kabla ya kuuza maneno

Usimwambie mteja "itafanya kazi" kabla ya kupima. Simu moja yenye sauti safi (G.711) hula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Simu kumi kwa pamoja zinakaribia megabiti moja. Ukitumia mfumo wa kubana sauti kama G.729, kila simu hushuka hadi takriban kilobiti 31.

Lakini kasi peke yake haitoshi. Sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili, la sivyo mazungumzo huanza kugongana. Pima asubuhi, mchana na jioni, siku kadhaa. Intaneti ya saa tatu asubuhi si ile ya saa mbili usiku, wakati mtaa mzima unatazama filamu.

Kisha ingia kwenye ruta uiamuru ipitishe sauti kwanza. Usipofanya hivyo, mtu mmoja akianza kupakua video, meneja atasikika kama anaongea akiwa ndani ya pipa.

Kitengela na Kajiado mjini faiba ipo. Ukienda ndani zaidi, huko ambako nyaya hazijafika, angalia mnara wa simu ulio karibu au Starlink, ambayo iliingia Kenya Julai 2023. Setilaiti zake huzunguka chini sana, takriban kilomita 550, kwa hivyo ule ucheleweshaji wa zamani haupo.

Stima na wezi

Stima ikipotea, simu ya intaneti hupotea nayo. Weka UPS kwenye ruta, swichi na seva. Weka pia laini ya pili ya intaneti kutoka kampuni tofauti, maana trekta ya barabara ikikata faiba, hakuna anayejua itarudi lini.

Hatari kubwa zaidi haionekani. Kuna wahalifu ambao kazi yao ni kutafuta seva za simu zilizo wazi na kubahatisha nywila. Wakiipata, hupiga simu za bei ghali nchi za mbali usiku kucha, na bili humwangukia mteja wako. Nywila kama 101101 ni kuwaita wezi. Tumia nywila ndefu, unganisha ofisi hizo mbili kwa VPN, na ufunge kabisa simu za nje kwa namba zisizozihitaji.

Usivuke mstari

Kuunganisha ofisi mbili za kampuni moja si sawa na kuuza dakika kwa umma. Anayeuza anahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, CA. Mteja akitaka kupiga namba za kawaida za Kenya, mpeleke kwa kampuni yenye leseni. Na kama mnarekodi simu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu. Mpigaji aambiwe.

Anzia nyumbani

Huhitaji mtaji kujifunza. Weka Asterisk kwenye kompyuta kuukuu, kisha uweke Linphone au Zoiper kwenye simu mbili, yako na ya ndugu yako. Zifanye zipigiane ndani ya nyumba. Kisha mmoja aende Kajiado, mwingine abaki Kitengela, mjaribu tena. Ikikatika, tafuta sababu mpaka uipate, kwa sababu hilo ndilo swali mteja atakuuliza siku ya kwanza.

Ukienda kuomba kazi, usibebe cheti pekee. Beba simu hizo mbili, umpe bosi moja, utoke nje ya lango, umpigie.