Mtoto hanyooshi mkono darasani? Kagua kwapa la shati lake

Kirua Vunjo. Asubuhi za Juni na Julai huku kwetu Kirua Vunjo, baridi inang'ata masikio. Watoto wanatokeza kwenye migomba wamejikunyata ndani ya masweta, mikono wameificha, wanawahi namba.

Ikifika mchana jua limeshatoka. Wanapandisha kilima kurudi nyumbani na wengi wamefunga sweta kiunoni. Lakini ukiangalia vizuri utamwona mmoja au wawili, wa darasa la sita au la saba, bado wamevaa sweta huku jasho linawatiririka usoni.

Nilikuwa mmoja wao. Nikiwa darasa la sita nilivaa sweta mwaka mzima, hata Januari na Februari. Shati langu jeupe lilikuwa na doa la njano kila kwapa, na mwenzangu aliliona siku niliponyoosha mkono kujibu swali la hisabati. Akacheka, na dawati zima likacheka. Tangu siku hiyo yako majibu mengi niliyoyajua na sikuyasema.

Mama hakujua. Aliligundua doa Jumamosi moja ya kufua, akafanya kile ambacho wazazi wengi hufanya: alinunua dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, akalowesha shati usiku kucha. Asubuhi shati lilikuwa jeupe kama theluji ya Kibo, isipokuwa makwapa. Yalikuwa yameiva kama ndizi mbivu.

Leo ninaandika habari za afya, na ninajua mama hakufanya uzembe. Hakuna aliyemwambia doa lile linatokana na nini. Mzazi, ukilijua hilo utaokoa shati, na huenda ukamrudishia mtoto mkono wake darasani.

Jasho lenyewe halina rangi

Mwili una tezi za jasho za aina mbili. Za kwanza zimetapakaa karibu mwili mzima tangu mtoto anapozaliwa, na kazi yake ni kutoa maji yenye chumvi ili kuupoza mwili. Za pili ziko zaidi kwapani na sehemu za siri, na hizi hulala mpaka mtoto anapoanza kubalehe.

Kwa wasichana wengi balehe huanza kati ya umri wa miaka 8 na 13, na kwa wavulana kati ya 9 na 14. Ndiyo maana mtoto ambaye jana alicheza mpira siku nzima bila harufu, leo akirudi shuleni chumba kinajua. Hajawa mchafu. Amekua.

Jasho la tezi hizi lina mafuta na protini. Linapotoka karibu halina harufu wala rangi. Harufu huja baada ya bakteria wanaoishi kwenye ngozi kulivunjavunja.

Na ile njano? Hapa ndipo wengi tunashangaa. Bidhaa za kupaka kwapani ziko za aina mbili. Deodoranti ya kawaida hupambana na harufu tu. Zile zilizoandikwa "antiperspirant" hupunguza jasho lenyewe kwa chumvi za aluminiamu, ambazo huziba kwa muda matundu ya jasho.

Chumvi hizo zikikutana na jasho na mafuta ya mwili hunasa kwenye nyuzi za nguo. Zikirundikana wiki baada ya wiki, kitambaa kinakuwa cha njano na kigumu kama kimepakwa gundi. Mimi nilikuwa nachukua ya dada yangu kila asubuhi, napaka hadi inanata, halafu navaa shati papo hapo. Nilivyozidi kuona aibu nilizidi kupaka, na nilivyozidi kupaka doa lilizidi kukua.

Makosa yanayokomaza doa

La kwanza ni klorini. Ikikutana na protini za jasho, njano huzidi badala ya kupungua, na nyuzi za kitambaa hudhoofika. Shati linaweza kuchanika kwapani kabla muhula haujaisha.

La pili ni moto. Maji ya moto na pasi, iwe ya umeme au ya mkaa, hulichoma doa likashika. Ukipiga pasi shati ambalo doa halijatoka, umelifungia humo.

La tatu ni kurundika. Shati linavaliwa Jumatatu na Jumanne, linakaa kwenye beseni la nguo chafu, linafuliwa Jumamosi. Siku hizo zote jasho linakomaa kwenye kitambaa.

Wengine hutia bluu ya kufulia. Bluu huidanganya macho njano isionekane sana, lakini doa linabaki palepale.

Onyo moja la usalama: usichanganye dawa ya klorini na siki wala ndimu ukidhani unaongeza nguvu. Mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu inayoumiza macho na mapafu.

Namna ya kuliondoa

Doa jipya ni rahisi. Jioni hiyohiyo geuza shati ndani nje, lilowane kwa maji baridi, paka sabuni ya mche kwapani, acha nusu saa, kisha fikicha polepole na usuuze. Mtoto wa darasa la tano anaweza kufanya hivi mwenyewe, na ni vizuri ajifunze, awe wa kike au wa kiume.

Doa la zamani linahitaji subira. Changanya kikombe kimoja cha siki nyeupe, au vinega kama inavyoitwa dukani, na vikombe viwili vya maji. Loweka makwapa ya shati kwa nusu saa, kwa sababu siki husaidia kulegeza zile chumvi za aluminiamu. Suuza. Kisha koroga bekingi soda na maji kidogo iwe kama uji mzito, paka kwenye doa, acha nusu saa nyingine, sugua kwa mswaki wa zamani, ufue kama kawaida.

Kabla ya pasi liangalie shati kwenye mwanga. Doa likiwa bado lipo, rudia kesho. Lililokaa miaka linaweza lisiishe kabisa, na ndiyo sababu kinga ni bora kuliko kufua.

Kinga ya kwanza ni fulana

Wazazi wengi huwavalisha watoto singlendi ndani ya shati. Inasaidia kifua, lakini haifiki kwapani. Kinachotakiwa ni fulana nyepesi ya pamba yenye mikono mifupi. Jasho linaishia kwenye fulana, na shati linabaki salama. Fulana mbili tatu za mtumba kutoka soko la Memorial pale Moshi mjini zinamtosha mtoto kupokezanisha wiki nzima.

Kwa nini pamba? Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kunusisha fulana za watu 26 waliotoka kufanya mazoezi makali ya baiskeli. Fulana za poliesta zilinuka vibaya kuliko za pamba, na bakteria fulani wanaohusishwa na harufu walistawi zaidi kwenye poliesta. Mashati mengi ya shule yana mchanganyiko wa poliesta, hivyo kuweka pamba kati ya ngozi na shati ni jambo la maana.

Usisahau sweta. Shati linafuliwa kila wiki lakini sweta huenda mwezi. Harufu nyingi ambazo mtoto anazomewa nazo hazitoki mwilini mwake, zimelala kwenye kwapa la sweta. Na mkumbushe alivue jua likitoka, kwa sababu joto likinaswa ndani jasho huongezeka.

Kinga ya pili iko kwa fundi

Kiswahili kina neno moja linalobeba tatizo na dawa yake. Kikwapa ni harufu ya jasho la kwapani. Kikwapa pia ni kile kipande cha kitambaa ambacho mafundi wa kanzu hushonea chini ya mkono. Kipande hicho huongeza nafasi, nguo haibani, na kikichakaa fundi anaweza kukibadilisha bila kanzu kutupwa.

Nchi nyingine nao walihangaika. Wanawake wa Ulaya na Marekani zamani waliweka vitambaa vya pamba au vya mpira ndani ya makwapa ya magauni. Mwaka 1912 Edna Murphey, binti wa daktari wa upasuaji wa Cincinnati, Marekani, alipeleka kwenye maonyesho ya Atlantic City dawa ya baba yake ya kuzuia jasho, iliyoitwa Odorono. Ilizuia jasho kweli, lakini ilikuwa na asidi iliyowasha ngozi na kula nguo.

Mama alirudi kwenye njia ya kitambaa. Baada ya klorini kumshinda alinipeleka kwa fundi wa jirani. Akachukua fulana ya pamba iliyochakaa, akakata vipande vya umbo la nusu mwezi, akavikunja tabaka mbili na kuvishona pembeni. Mama alivipigia bandi ndani ya kwapa la shati jipya kwa mishono mikubwa. Jioni alivitoa, akavifua, akapachika vingine. Shati lile lilinifikisha mwisho wa darasa la saba bila doa.

Unaweza kufanya hivyo kwa mkono, bila cherehani. Inafaa hasa kwa nguo isiyofuliwa mara kwa mara: gauni la kipaimara, suti ya harusi, koti la baba la kuvaa Desemba ndugu wakirudi nyumbani.

Kupaka kwa akili

Kama mtoto anatumia dawa ya kuzuia jasho, apake usiku baada ya kuoga, kwapa likiwa kavu kabisa. Usiku jasho ni kidogo, dawa inapata muda wa kufanya kazi, na asubuhi haigusi shati ikiwa mbichi. Apake kidogo. Kama tatizo ni harufu tu, deodoranti isiyo na aluminiamu inatosha.

Bibi zetu hutumia shabu, lile jiwe jeupe mfano wa kioo ambalo pia hutumika kusafisha maji. Hawakukosea, kwa kuwa shabu nayo ni chumvi ya aluminiamu. Lakini isisuguliwe kwenye ngozi iliyonyolewa sasa hivi au yenye mchubuko.

Ndimu ni jambo jingine. Inachubua ngozi laini ya kwapa, na ngozi yenye maji ya ndimu ikipigwa na jua inaweza kuungua na kuacha weusi. Ibaki jikoni.

Haya yote hayachukui nafasi ya kuoga. Kwapa lioshwe kwa sabuni asubuhi na jioni, na lifutwe likauke kabla ya kuvaa.

Lini umpeleke hospitali

Kutokwa jasho ni kawaida. Mpeleke akaonwe kama jasho linadondoka hata akiwa ametulia kwenye baridi, likilowesha daftari na kumzuia kushika kalamu. Vilevile kama anapata majipu ya kwapani yanayojirudia, au kwapa linawasha na kutoa vipele. Sisi wa mkoa huu tuna bahati: KCMC mjini Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda, kilichoanza mwaka 1992.

Jasho la usiku linalolowesha mashuka, likiambatana na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa au kupungua uzito, ni dalili za kifua kikuu. Hapo usisubiri. Vipimo na matibabu ya kifua kikuu hutolewa bila malipo kwenye vituo vya umma.

Zungumza naye kabla ya wenzake

Mtoto hatakuja kukwambia, "Mama, nanuka." Ataficha shati uvunguni, atagoma kuvua sweta, atakataa michezo, atakaa dawati la nyuma. Mzazi ataona kiburi au uvivu, kumbe ni aibu.

Chagua muda mko wawili tu, labda mkikata majani ya ng'ombe au mkimenya ndizi. Mwambie mwili unakua, kila mtu mzima kijijini amepita hapo, na kuna namna ya kufanya. Baba, usimwachie mama peke yake. Mtoto wa kiume anahitaji kusikia kwamba na wewe uliwahi kuficha kwapa.

Jumamosi hii, kabla hujalowesha nguo, geuza mashati ya shule ndani nje uyaangalie. Ukikuta doa, usimwite mbele ya wadogo zake. Lifue kwa maji baridi, weka fulana ya pamba juu ya shati lililokunjwa, na jioni mwite pembeni mzungumze.