Viungo vya Jikoni na Siha ya Kuku

Katika kijiji cha Michenga, jirani na mji wa Ifakara, mpunga ndio riziki ya kwanza, na kwa kuwa mashine za kukobolea hazikosi pumba, aghalabu mwenye shamba huwa na kuku pia, ambao huuzwa mtoto anapotakiwa sare ya shule na huchinjwa mgeni anapobisha hodi. Lakini masika yakishika na banda likaloa, kuhara huingia kwa kasi, na mfugaji hukimbilia duka la dawa za mifugo kununua unga wa tetrasaiklini, akautia katika maji ya kuku wote, wagonjwa kwa wazima. Na wako ambao, hata baada ya kuku kupona, huendelea kuutia mara kwa mara, wakidhani wanaweka kinga.

Desturi hiyo haikuzaliwa Ifakara. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wataalamu wa Marekani walitambua kwamba kuku aliyepewa kiasi kidogo cha dawa ya kuua bakteria hunenepa upesi, na tangu hapo dawa ikawa kama chumvi katika chakula cha mifugo. Ilhali mwaka 1945 Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alikwisha kutahadharisha kwamba kipimo hafifu huua vijidudu dhaifu na kuvibakiza vilivyo sugu. Sweden ilipiga marufuku dawa za kunenepesha mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya mzima ukafuata mwaka 2006.

Watu wa Ifakara hawahitaji kufunzwa maana ya usugu, kwani wanakumbuka jinsi klorokwini, iliyokuwa tegemeo la kila nyumba, ilivyoachwa na Tanzania mwaka 2001 kwa sababu malaria ilikuwa haiisikii tena. Bakteria nao wana tabia hiyo hiyo, na dawa anazonyweshwa kuku ni jamaa moja na zile anazoandikiwa mgonjwa hospitalini. Kwa hiyo kijidudu kilichozoea dawa bandani, kikipita katika nyama isiyoiva, mikono isiyonawiwa au mbolea ya bustani, humfikia binadamu kikiwa tayari kimeshaizoea.

Ndipo watafiti walipovielekea viungo. Karafuu ina yujenoli, kitunguu saumu kina alisini, na manjano yana kurkumini; yujenoli na alisini hudhoofisha bakteria, na manjano huchochea nyongo, chakula kikasagika vyema tumboni. Katika majaribio mengi kuku waliolishwa viungo hivi walikua vizuri, ingawa matokeo hayalingani kila mahali, kwa kuwa nguvu ya kiungo hutegemea udongo, ukavu na muda wa kuhifadhiwa.

Kipimo kilichojaribiwa mara nyingi kwa manjano ni gramu 5 kwa kila kilo ya chakula, yaani robo kilo kwa gunia la kilo 50. Unga huo usimwagwe guniani moja kwa moja, bali uchanganywe kwanza na kilo moja ya pumba hadi rangi ienee sawasawa, kisha mchanganyiko huo uchanganywe na chakula chote. Ni heri kununua manjano mabichi, kuyakausha na kuyasaga mwenyewe, maana unga wa sokoni huweza kutiwa rangi au unga mwingine; na kitunguu saumu kisizidi, mayai yasije yakanuka.

Hata hivyo kiungo si tiba ya kila maradhi. Kideri huletwa na kirusi, hakisikii manjano wala tetrasaiklini. Kinga yake ni chanjo, mathalani ile ya I-2, inayotiwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Wala kiungo hakitakausha banda lililoloa, wala kusafisha chombo cha maji kilichoota ukungu.

Basi mfugaji atie manjano katika chakula cha kila siku, achanje kwa wakati, na abadilishe matandazo kabla hayajaoza. Kuku akiugua, amwite bwana mifugo aseme ni dawa gani na kwa siku ngapi, na asile wala kuuza mayai au nyama mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye pakiti.