Moteri ya mashua imechoka: tuitengeneze ama tununue ingine?

Tangu zamani za Union Minière, samaki ya Luapula na ya ziwa Moëro inalisha makambi ya wafanyakazi wa mine. Ndiyo maana wengine wetu, wakipata dekonti, wanatazama upande wa Kasenga na wanafikiri mashua.

Tulifika kwa baba mmoja aliyefanya hivyo. Dekonti yake ilitoa mashua ya mbao na moteri ya farasi 15, inayobeba wachuuzi na mizigo yao. Sasa moteri imezeeka. Asubuhi mtoto anavuta kamba mara kumi ndiyo iwake. Inakunywa esansi sana, na siku moja ilizimika katikati ya maji, watu wakiwa ndani.

— Hii moteri imekwisha, mama. Tuuze ingine mupya, baba anasema.

— Na minerval ya batoto itatoka wapi? Uliza fundi kwanza inagonjwa nini.

Tunaandika habari yao kwa sababu ni ya nyumba nyingi. Mwaka 2003, watu zaidi ya 10,000 walitoka Gécamines kwa « départ volontaire ». Wao wanajua: feza ya namna ile haiji mara mbili.

Lakini sisi watu wa mine tunajua hesabu. Pompi ya kutoa maji ikipunguza nguvu kule kazini, hakuna mtu anaitupa siku ile ile. Inafunguliwa, vipande vilivyokufa vinaandikwa, bei zinalinganishwa. Mbona kwa chombo chetu wenyewe tunafuata hasira?

Fundi alianza na vitu vya bei ndogo. Alitoa buji akazipangusa. Alimwaga esansi iliyokaa siku nyingi, na ilikuwa na maji ndani. Alisafisha karburateri. Kisha akawasha moteri na kutazama kama maji ya kupoza yanatoka vizuri nyuma. Yalitoka kidogo kidogo tu: mchanga wa mto ulikuwa umekula mpira wa pompi. Ule mpira ni kitu kidogo, lakini ukiuacha, moteri itaungua.

Mwisho akapima kompresioni. Unafunga kipimo mahali pa buji, unavuta kamba, unasoma. Moteri hii ina silinda mbili, na namba zake zinapaswa kukaribiana. Moja ikiwa chini ya mwenzake kwa zaidi ya 10 mpaka 15 kwa mia, ugonjwa uko ndani. Hapa zilikuwa karibu sawa.

— Baba, roho yake iko muzima, fundi alisema. Ni pompi na buchafu njo vilikuwa vinaisumbua.

Aliuliza pia juu ya kuchanganya mafuta. Moteri nyingi za namna hii, ikiwa si za zamani sana, zinataka litri 1 ya mafuta kwa litri 50 za esansi. Nyingine zinataka zaidi, na kitabu chake kinasema. Mtoto alikuwa anapunguza mafuta ili kubakisha franga. Hiyo si kubakisha, ni kuua moteri polepole.

Tusidanganyane: kuna moteri ya kuachana nayo. Kama silinda imekwanguka, kama vyuma vikubwa vya ndani vimevunjika, kama vipande vyake havipatikani tena sokoni, usilie juu yake. Mafundi wengi wanafuata hesabu moja: matengenezo yakipita nusu ya bei ya moteri ingine nzuri, nunua ile ingine. Tuseme ingine ni dola 2,000. Fundi akiomba 300, tengeneza. Akiomba 1,200, acha.

Na kabla ya kununua, angalia mashua yenyewe. Ubao wa nyuma ukioza, moteri mpya itaanguka majini pamoja nao. Moteri ya « quatre temps » inakunywa esansi kidogo, lakini ni nzito zaidi. Na ukinunua iliyotumika, iguse mbele ya kuiwasha. Ukikuta ni ya moto, muuzaji aliiwasha mbele yako ufike, labda ili usione inavyokataa ikiwa baridi. Ngoja ipoe.

Kitu kimoja hakina hesabu: watu. Moteri inayozimika haiendi ziwani na abiria mpaka ijaribiwe karibu na kando, hata kama wachuuzi wanapiga kelele. Na hata ikipona, makasia na majile yakae ndani ya mashua.

Baba alikubali kutengeneza. Minerval ikalipwa. Lakini naye akaweka sharti: toka kila safari, sehemu ya nauli iingie katika kopo la moteri, kwa maana siku ya hii itafika tu.

Ufunguo wa kopo anashika mama.