Taa za Nyumba Zinapocheza: Tujue Ugonjwa Kabla ya Kununua Dawa



Tunaishi katika nyumba ya urithi ya ghorofa tatu, katika mtaa wa kale wa Mombasa. Chini anakaa bibi yetu pamoja na shangazi. Kati wamo ndugu wawili na watoto wao. Juu kabisa wapo maarusi. Jiko la pamoja liko chini, na humo ndimo inamopikwa futari ya nyumba nzima unapoingia mwezi wa Ramadhani.

Mwaka mmoja, katika mwezi huo mtukufu, tulianza kuona jambo lisilo la kawaida. Kila ilipokaribia Magharibi, oveni ikiwa imewashwa na birika la umeme linachemka, taa za chini zilififia na friji ikanguruma bila kuanza vyema. Wakati huohuo taa za juu zilizidi kung'aa. Watu wa chini wakasema kwamba wa juu wanavuta umeme wote kwa pasi na feni zao. Wa juu wakajibu kwamba kwao umeme ni mzuri kuliko siku zote, na kwamba waliozidisha vyombo ni wa chini. Maneno yakapanda na kushuka ngazi, hata salamu za asubuhi zikapungua.

Kisha tukaungana katika jambo moja tu: kuwalaumu wanaotuletea umeme. Tukanunua kifaa cha kulinda friji, kile kinachochomekwa kwenye soketi. Kifaa hicho kikawa kinakata umeme kila jioni, nasi kwa kutojua kwetu tukadhani ni kibovu, tukakitoa. Haukupita muda mota ya friji ikaungua. Ndani yake zilikuwamo sindano za insulini za bibi, ambazo akiba yake hutakiwa kuwekwa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8. Usiku huohuo, huko juu, runinga na chaja mbili za simu zikafa kwa pamoja.

Hapo ndipo tulipomwita fundi mwenye leseni. Hakuanza kwa kufungua kitu. Aliuliza maswali, akaomba kila ghorofa iwashe vyombo kama inavyowasha jioni, kisha akapima. Chini alikuta volti 192, kati 258, na juu 277, ilhali kila ghorofa ilipaswa kupata takriban 240.

"Bi Mkubwa," akamwambia bibi, "hapa hakuna anayemnyang'anya mwenziwe umeme. Nyote mnashiriki waya mmoja wa kurudishia, na waya huo umelegea."

Waya tulioushiriki bila kujua

Wengi wetu tunajua kwamba umeme huja. Tusilolizingatia ni kwamba umeme hurudi pia. Waya moto huuleta kwenye chombo, na waya wa pili, ambao mafundi huuita nyutro, huurudisha. Nyumba ndogo aghalabu huwa na waya moto mmoja. Jengo kubwa lenye ghorofa kadhaa, msikiti au madrasa, mara nyingi huletewa waya moto tatu, zote zikitegemea nyutro moja. Kati ya kila waya moto na nyutro kuna volti 240. Kati ya waya moto mmoja na mwingine kuna volti 415.

Nyutro hiyo ni kama mlingoti wa dau ulioshikwa kwa kamba tatu. Shina la mlingoti likiwa imara, kamba moja hata ikivutwa kwa nguvu, mlingoti husimama palepale. Shina likilegea, mlingoti huinama kuelekea upande unaovutwa zaidi. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Ghorofa ya chini, yenye oveni na birika, ilikuwa na mzigo mkubwa, basi volti zake zikapungua. Ghorofa ya juu, iliyokuwa na taa na chaja tu, ikapokea volti kupita kiasi. Mwangaza ule mkali ambao maarusi waliufurahia ulikuwa ndio ugonjwa wenyewe.

Ndugu msomaji, kama kuna alama moja tunayokuomba uihifadhi moyoni, ni hii: taa za upande mmoja zikififia huku za upande mwingine zikizidi kung'aa, usingoje asubuhi. Zima swichi kuu ya nyumba, na usiirudishe mpaka fundi apime. Nyutro ikikatika kabisa katika jengo la waya moto tatu, ghorofa yenye mzigo mdogo inaweza kupata volti zinazokaribia 400. Hakuna runinga wala friji iliyotengenezwa kustahimili hayo.

Moto usiokatwa na breka

Fundi alipofungua sanduku kuu la umeme, tuliiona nyutro kwa macho yetu. Skrubu yake ilikuwa imelegea, shaba imeota kutu ya kijani, na plastiki ya waya imegeuka nyeusi. Chini ya sanduku hilo ndipo tunapoegemeza mikeka ya tarawehe.

Tulimwuliza mbona breka haikukata. Akatueleza kwamba breka ya kawaida hukata pale umeme mwingi kupita kiasi unapopita. Kiungio kilicholegea hakiongezi umeme. Huuzuia, na kile kizuizi hugeuka joto. Chukua mfano wa kiungio chenye kizuizi cha om 1 tu. Zikipita ampea 10, hutoa joto la wati 100. Ni sawa na kuficha ndani ya ukuta balbu moja ya zamani ya wati 100, ile ambayo hakuna mtu angethubutu kuishika. Breka huona ampea 10 na kunyamaza, kwa kuwa kwake hilo si kosa.

Kwetu pwani jambo hili lina haraka zaidi. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na unyevu huingia hata ndani ya kuta za matumbawe. Chumvi na unyevu hula shaba na alumini pale zinapokutana na skrubu. Juu ya hayo, nyumba zetu za urithi hukua kwa vipande: mtoto akioa huongezewa chumba, chumba huongezewa soketi, na soketi huungwa kwenye waya uliowekwa zamani kwa ajili ya taa mbili na feni moja.

Maswali matatu kabla ya kumwita fundi

Tangu siku ile tumejifunza kwamba mwenye nyumba, bila kugusa waya wowote, anaweza kumsaidia fundi kupata ugonjwa upesi. Maswali ni matatu: wapi, lini, na nini kilikuwa kimewashwa.

Wapi? Ikicheza taa moja tu, shaka iko kwenye balbu, kishikio chake au swichi. Zikicheza taa na soketi za chumba kimoja, tafuta kiungio kwenye njia ya chumba hicho. Ikiathirika nyumba nzima huku majirani wakiwa salama, tatizo liko kwenye sanduku kuu, kwenye mita, au kwenye waya unaotoka nguzoni. Ukiathirika mtaa mzima, hilo ni la transfoma na laini, na dawa yake ni kupiga simu kwa wanaosambaza umeme. Mita na waya unaoifikia ni vyao. Mwenye nyumba wala fundi wake hana ruhusa ya kukata lakiri.

Lini? Umeme unaopungua kila jioni na kupata nafuu baada ya saa nne usiku huonyesha mzigo mkubwa, wa nyumba au wa mtaa. Umeme unaocheza kukiwa na upepo huonyesha waya wa nje uliolegea. Ule unaosumbua baada ya mvua za masika huonyesha maji yaliyoingia mahali.

Nini kimewashwa? Taa kukonyeza kidogo friji inapoanza si ajabu, kwani mota huvuta umeme mwingi kwa nukta chache. Lakini taa zikififia na kubaki zimefifia muda wote pasi inapowaka, waya ni mwembamba kwa mzigo huo au kiungio kimelegea.

Wekeni daftari karibu na mita. Andikeni siku, saa, chumba na chombo. Zipo pia mita ndogo za kuchomeka kwenye soketi zinazoonyesha volti; someni alfajiri mtaa ukiwa umelala, na Magharibi kila jiko likiwa linafanya kazi, kisha linganisheni. Daftari la wiki mbili lina faida kwa fundi kuliko malalamiko ya mwaka mzima.

Vyombo vya jikoni na ushuhuda wake

Soketi zetu za plagi ya miguu mitatu zimepimwa kwa ampea 13, yaani takriban wati 3,100 kwa volti 240. Birika la umeme peke yake linaweza kutumia wati 2,000 au zaidi. Ukiliweka pamoja na oveni ndogo kwenye ekstensheni moja, umepita mpaka. Plagi yenye joto, soketi iliyogeuka rangi ya kahawia, au harufu inayofanana na ya samaki aliyeoza pasipo samaki, zote ni ushahidi wa plastiki inayoungua. Hita ya maji ya bafuni hutaka waya wake peke yake na breka yake peke yake. Isiungwe kwenye soketi kamwe.

Friji huumizwa na volti chache kama inavyoumizwa na volti nyingi. Volti zikipungua, mota hujikakamua, huvuta umeme zaidi na kupata moto. Umeme ukikatika na kurudi, isubirini friji dakika chache kabla ya kuiwasha. Na kifaa cha kuilinda kikikata mara kwa mara, msikitoe kama tulivyokitoa sisi. Kinasema kweli.

Akina mama wengi hutwambia kwamba mashine ya kufulia "inawasha" vidole ikiguswa kwa mikono yenye maji. Hilo si jambo la kuzoewa. Huenda waya wa ardhini umekatika au haukuwekwa kabisa, na siku chombo kikiharibika ndani, mwasho huo hugeuka mauti. Chomoeni chombo hicho, mumwite fundi aupime waya wa ardhini kwa kipimo chake. Mwombeni pia aweke breka ya kuzuia mshtuko, ile inayokata umeme unapovuja kwa kiasi cha miliampea 30. Ina kitufe chenye herufi T. Kibonyezeni mara kwa mara. Isipokata, imekufa.

Msikitini na madrasa

Wasimamizi wa majengo ya jamii wana jambo lao la kuangalia. Taa za LED, kompyuta na chaja havivuti umeme kwa ulaini kama pasi; huuvuta kwa vipande vipande. Vyombo hivyo vikiwa vingi katika jengo la waya moto tatu, sehemu ya vipande hivyo hujumlishana kwenye nyutro badala ya kufutana, na nyutro inaweza kupata joto ingawa kila waya moto uko salama. Kwa hiyo mkandarasi akisema nyutro nyembamba inatosha, mkataeni kwa upole. Na jenereta ya msikiti iunganishwe kwa swichi ya kubadilishia, isichomekwe kwenye soketi. Umeme wake unaweza kurudi hadi kwenye laini na kumuua fundi aliyepanda nguzo akiamini kwamba laini imezimwa.

Kinga

Kinga yenyewe si ghali. Kila baada ya miaka michache, na kila nyumba inapoongezwa chumba, mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati nchini. Ombeni kuiona leseni. Hilo si utovu wa adabu. Akaze skrubu zote, apime nyutro na waya wa ardhini, agawanye mzigo wa ghorofa kwa usawa, na aandike vipimo katika daftari lenu. Kazi hii haifai kufanywa na shemeji mwenye bisibisi, hata awe hodari namna gani.

Kwetu, dawa ya ugonjwa wote ilikuwa kipande cha waya mpya na skrubu mpya, bei yake sehemu ndogo mno ya thamani ya friji moja. Bibi alipata insulini nyingine, alhamdulillahi. Jioni ile maarusi waliteremka na buli la kahawa wakaomba radhi, na watu wa chini nao wakaomba radhi. Tulikuwa tumedhaniana vibaya kwa wiki tatu za mwezi mtukufu, kwa sababu ya skrubu iliyokuwa ikitupa dalili kila Magharibi nasi hatukuisoma.

Mtume wetu (SAW) alituusia tuzime taa na moto kabla ya kulala, kwa kuchelea nyumba kuungua na watu wake wamo. Taa zetu leo ni za namna nyingine, lakini wasia ni uleule. Basi usiku wa leo, kabla ya kulala, pitisheni mkono juu ya plagi za nyumba yenu bila kuzichomoa. Yenye joto ingawa chombo chake kimezimwa, au yenye joto kuliko wenzake, zimeni njia yake kwenye sanduku kuu, na asubuhi mumwite fundi, inshaallah.