Kamera ya mkanda aliyoiacha mjomba: usiifungue kwanza, jifunze kuitumia

Katika nyumba nyingi, mjini Morogoro na huko milimani Uluguru, kuna kamera ya zamani iliyolala kabatini au ndani ya sanduku la bati. Ilikuwa ya babu, au ya mjomba. Ni nzito kuliko simu, ina vidirisha viwili au vitatu kwa mbele, haina skrini, na mara nyingi haina hata sehemu ya betri. Watoto huichezea, wanunuzi wa vitu chakavu huitolea bei ya chini, na wenye nyumba hudhani imekufa.

Nyingi hazijafa. Kinachokosekana ni mtu anayejua kuitumia. Na ndani ya baadhi yake bado kuna mkanda wenye picha ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Ndiyo maana tunaanza na onyo.

Usifungue mgongo wa kamera

Mkanda wa picha ambao haujasafishwa ukipigwa na mwanga, hata kwa sekunde moja, picha zilizokuwa wazi mbele ya mwanga huo zinaungua na hazirudi. Kama mjomba alipiga picha ya mwisho ya bibi na hakuwahi kusafisha mkanda, nakala pekee duniani imo humo ndani.

Pima kwanza. Juu ya kamera, upande wa kushoto ukiwa umeishika kama mpiga picha, kuna kifundo cha kurudishia mkanda. Kizungushe taratibu kufuata mshale. Kikikaza baada ya mizunguko michache, mkanda umo. Acha kuzungusha hapo hapo, usilazimishe.

Kuurudisha mkanda ndani ya kikopo chake, lazima kwanza uuachie. Kwenye kamera nyingi kuna kitufe kidogo chini ya kamera, unakibonyeza. Kwenye kamera za Kirusi za FED na Zorki, mara nyingi ni pete inayozunguka kitufe cha kupigia picha. Ukishauachia, zungusha kifundo polepole mpaka usikie mkanda umelegea na kinazunguka bure. Hapo ndipo unafungua.

Kama kifundo kilikuwa kinazunguka bure tangu mwanzo, bado usiamini. Inawezekana mkanda ulikatika. Ifungue mara ya kwanza usiku, ndani ya chumba chenye giza totoro, simu ikiwa mbali, na upapase kwa vidole. Ukigusa mkanda, funga tena na umtafute fundi wa picha.

Hii ni kamera ya namna gani?

Kamera tunayoizungumzia inaitwa renjifainda, yaani kamera yenye kipimo cha umbali. Kampuni ya Leitz ya Wetzlar, Ujerumani, ilianza kuuza kamera ndogo ya Leica mwaka 1925, iliyobuniwa na Oskar Barnack. Mwaka 1932 ikatoka Leica ambayo kipimo chake cha umbali kimeunganishwa na lenzi: ukizungusha lenzi, kipimo nacho kinasogea. Wasovieti wakaiga. FED ilianza kutengenezwa Kharkiv mwaka 1934, na Zorki ikafuata mwaka 1948 karibu na Moscow. Baadaye Wajapani nao wakatoa zao, kama Yashica na Canon. Kwa hiyo kama mzee wako alisoma au kufanya kazi nje, usishangae ukikuta maandishi ya Kirusi kwenye kamera yake.

Macho mawili

Fanya jaribio hili sasa hivi. Nyoosha mkono, simamisha kidole gumba, kiangalie kwa jicho moja, kisha badilisha jicho. Kidole kinaruka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kisogeze karibu na uso urudie: sasa kinaruka zaidi. Kitu kilicho karibu kinaruka sana, kilicho mbali kinaruka kidogo. Kamera hii inapima umbali kwa njia hiyo hiyo, na vidirisha viwili vya mbele ndiyo macho yake.

Ukichungulia kwa nyuma utaona katikati kijisehemu chenye mwanga, mara nyingi cha rangi ya manjano. Ndani yake kitu kinaonekana mara mbili, kama mtu na kivuli chake. Zungusha pete ya lenzi mpaka picha hizo mbili zilingane na kuwa moja. Zikilingana, umbali umekaa sawa na picha itatoka kali.

Tafuta mstari uliosimama wima: ukingo wa mlango, nguzo, shina la mgomba, pembe ya jicho. Picha mbili zinaachana kwenda kushoto na kulia, kwa hiyo mstari uliolala, kama ukingo wa paa la bati, haukusaidii.

Jambo la kukumbuka ni kwamba hapa huchungulii kupitia lenzi. Unachungulia dirisha la pembeni. Kifuniko cha lenzi kikiwa bado kipo, wewe utaona kila kitu vizuri, lakini mkanda utaona giza. Hivyo hivyo kwa kidole au kamba iliyoning'inia mbele ya lenzi. Na mtu akiwa karibu sana, dirisha na lenzi havioni sawasawa. Mwachie nafasi juu ya kichwa, usije ukamkata kilemba. Kamera nyingi za namna hii haziwezi kulenga chini ya mita 1 hivi.

Mwanga ni kama maji ya bomba

Fikiria unajaza ndoo. Ukifungua bomba sana, inajaa haraka. Ukifungua kidogo, unasubiri. Ikijaa kupita kiasi inamwagika, isipojaa umepungukiwa. Mkanda ndiyo ndoo, na wewe una vitu viwili vya kurekebisha.

Cha kwanza ni tundu la lenzi, ndilo bomba. Namba zake ziko kwenye lenzi: 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Zinachanganya kwa sababu namba kubwa ni tundu dogo. Kila unapopanda hatua moja, mwanga unapungua nusu.

Cha pili ni muda ambao pazia la ndani linakaa wazi. Namba 60 ni sehemu moja ya sitini ya sekunde, na 125, 250 na 500 ni hivyo hivyo. Herufi B maana yake pazia linabaki wazi kadiri unavyobonyeza.

Ukubwa wa ndoo umeandikwa kwenye kikopo cha mkanda: ASA au ISO, ni kitu kimoja. Mkanda wa 100 ni ndoo kubwa, unahitaji mwanga mwingi. Wa 400 ni ndoo ndogo, unajaa upesi.

Ukiwa na mkanda wa ASA 100, weka muda kwenye 125 (au 100, kwa kamera za zamani) na uuache hapo. Ukiwa na wa 400, weka 500. Kisha chagua tundu kwa kuangalia vivuli:

Jua kali, kivuli chenye ukingo mkali, kama mchana wa kiangazi mjini Morogoro: 16.

Jua lenye wingu jepesi, kivuli chenye ukingo laini: 11.

Wingu, kivuli hakionekani vizuri: 8.

Wingu zito au ukungu wa asubuhi kule Nyandira: 5.6.

Chini ya mwembe, au barazani wakati nje kuna jua: 4.

Ndani ya msitu juu ya Morning Side mwanga hupungua zaidi ya hapo. Fungua tundu hadi 2.8, na ikibidi shusha muda mpaka 60. Chini ya 60 mkono unatikisika na picha inafifia. Bana viwiko mbavuni, egemea nguzo au mti, toa pumzi, ndipo ubonyeze polepole.

Sokoni, kwa mfano Soko Kuu la Chifu Kingalu, hakuna nafasi ya kulinganisha picha mbili kila mara. Kwa lenzi ya kawaida ya milimita 50, weka tundu 8 na umbali mita 3. Mtu yeyote aliye kati ya mita 2 na nusu na mita 4 atatoka vizuri bila kugusa lenzi. Lakini omba ruhusa kabla ya kupiga.

Nyuso zetu

Kwa miaka mingi maabara za picha za Ulaya na Marekani zilipima rangi zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley. Mizani ikawekwa kwa ngozi nyeupe, na picha nyingi za watu weusi zikatoka nyuso bila sura, macho na meno tu yakionekana. Ukiona picha ya zamani ya harusi ambapo gauni linang'aa na uso wa bibi harusi umepotea, usidhani mpiga picha alikuwa mzembe tu.

Unaweza kurekebisha mwenyewe. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya anga jeupe au ukungu, fungua tundu hatua moja zaidi: badala ya 8 weka 5.6. Mkanda wa negativu unavumilia mwanga uliozidi kidogo kuliko uliopungua. Saa sita mchana epuka jua la utosini, kwa maana kofia na nyusi hutia giza machoni. Mketishe mtu barazani akitazama nje.

Kuweka mkanda mpya

Simama kivulini. Vuta ulimi wa mkanda uingie kwenye gurudumu la upande wa pili, na hakikisha meno madogo yameingia kwenye matundu ya pande zote mbili. Sogeza mkanda mara moja ukiangalia, funga mgongo, halafu piga picha mbili za bure.

Sasa angalia kile kifundo cha kurudishia. Kila unapovuta mkanda, nacho kinapaswa kuzunguka. Kisipozunguka, mkanda haukushika. Kamera itaendelea kulia na kuhesabu mpaka 36, sherehe itakwisha, na hutakuwa na picha hata moja. Tazama kifundo hicho kila mara.

Mambo mawili yanayoua kamera hizi

Kwanza, kwenye FED na Zorki, vuta mkanda kwanza ndipo ubadilishe muda wa pazia. Ukianza na muda, unaweza kuharibu mashine ya ndani.

Pili, pazia la Leica, FED na Zorki nyingi ni la kitambaa, na hakuna kioo cha kulikinga. Lenzi ikielekea jua, inafanya kazi kama miwani ya kukuza inayochoma karatasi, na pazia linatoboka. Unapotembea, funika lenzi. Unapotaka kupiga, kumbuka kufunua.

Upande wa Kinole na Matombo, ambako upepo wa bahari huleta mvua nyingi, adui mwingine ni kuvu. Inaota ndani ya lenzi kama nyuzi za buibui. Itoe kamera kwenye mfuko wake wa ngozi, kwa sababu ngozi hutunza unyevu. Iweke kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na mara kwa mara uitoe ipate hewa na mwanga.

Ukishapata mkanda

Kabla ya kuupeleka studio, uliza swali moja: mnasafisha mkanda, au mnachapa tu picha za simu? Studio nyingi siku hizi zinafanya hilo la pili. Usimwachie mkanda mtu anayesema atajaribu. Mkanda wa zamani wa rangi nyeusi na nyeupe huvumilia miaka kuliko wa rangi. Ukiona umeandikwa Kodachrome, jua kwamba maabara ya mwisho iliyousafisha, huko Kansas, Marekani, iliacha kuupokea mwishoni mwa 2010.

Na zile negativu zilizokwisha safishwa, zilizomo kwenye bahasha chini ya kitanda, msizitupe. Mohamed Amin, aliyefungua Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963 akiwa bado kijana, anakumbukwa leo kwa sababu alipiga picha na pia kwa sababu mkusanyo wake ulitunzwa. Familia yako nayo ina historia yake. Washa simu moja kwenye skrini nyeupe tupu, inua negativu kidogo juu yake ukiishika kingo, na uipige kwa simu nyingine. Kisha tumia programu ya kuhariri picha kugeuza rangi, nyeusi iwe nyeupe na nyeupe iwe nyeusi. Sura zitatokea.

Fanya hivyo wakati wazee bado wapo, ili wakuambie huyu ni nani, yule ni mtoto wa nani, na shamba lile liko wapi. Andika majina nyuma ya bahasha kwa penseli.