Jenomu ya Kifua Kikuu Sugu na Makohozi ya Bariadi

Kifua kikuu sugu ni kile ambacho vimelea vyake havifi tena kwa dawa zilizozoeleka, na aina inayowasumbua zaidi waganga ni ile inayohimili kwa pamoja rifampisini na isoniazidi, dawa mbili zilizo nguzo ya tiba ya kawaida. Kipimo cha GeneXpert, kinachotangulia katika uchunguzi, hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi. Hata hivyo katriji yake ya kawaida hukagua kipande kifupi tu cha jeni iitwayo rpoB, chenye herufi 81, ikaonyesha kama rifampisini itafaa au la, bila kugusa dawa nyingine.

Jenomu ya kimelea, yaani jumla ya maelekezo ya kurithi yaliyomo katika DNA yake, ina herufi zipatazo milioni 4.4, na ilisomwa yote kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Badiliko la herufi moja laweza kuipotosha protini inayolengwa na dawa, dawa ikakosa pa kushika. Mabadiliko ya namna hiyo yaliorodheshwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, kutokana na sampuli zaidi ya 38,000, na kwa kulinganisha jenomu ya kimelea cha mgonjwa na orodha hiyo daktari hujua dawa za kuepuka kabla hajaziandika.

Ujuzi huo unahitajika zaidi tangu mwaka 2022, shirika hilo lilipopendekeza tiba ya miezi sita yenye bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini, badala ya tiba ndefu zaidi; ile ya zamani ya miezi 18 au zaidi ilikuwa na sindano zilizoharibu usikivu wa wengi. Usugu dhidi ya bedakwilini hauonekani kwa GeneXpert, na hata wasomaji wa jenomu bado hubishana juu ya maana ya baadhi ya mabadiliko yake.

Simiyu, mkoa wa pamba na ng'ombe wenye makao makuu Bariadi, una sababu yake ya ziada ya kuhitaji usomaji wa jenomu. Kifua kikuu cha ng'ombe, ambacho humpata binadamu hasa kwa maziwa yasiyochemshwa, husababishwa na kimelea ambacho kwa asili hakisikii pirazinamidi, mojawapo ya dawa nne za awali. GeneXpert hukihesabu pamoja na ndugu zake, ilhali jenomu hukitenga.

Kusoma jenomu nzima kwa kawaida huhitaji kwanza vimelea vioteshwe maabara kwa wiki kadhaa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza usomaji wa jeni teule moja kwa moja kutoka kwenye makohozi, wenye majibu ya siku chache, ingawa makohozi yenye vimelea haba huushinda. Tiba ya kifua kikuu sugu nchini Tanzania ilipoanza mwaka 2009 ilitolewa Kibong'oto, wilayani Siha, ng'ambo ya pili ya Serengeti kwa mtu wa Bariadi, kabla haijasogezwa mikoani. Kwa jenomu, inatosha makohozi yasafiri na mgonjwa abaki kwake. Kwa hiyo gari la sampuli lisilokosa siku yake lina faida kubwa zaidi kwa Bariadi kuliko mashine ya bei ghali isiyo na vitendanishi.

Yote hayo huanza na makohozi kufika kituoni: anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi na aende mapema, kwani vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali.