Matoleo ya Python na Uthabiti wa Hesabu za Matini

Mtafiti ahesabuye herufi za matini kwa kompyuta hana budi kuhifadhi, pamoja na programu yake, mazingira yaliyoiendesha. Nayo hufungwa katika taswira ya kontena. Neno ng’ombe, likiandikwa kwa ritifaa iliyopinda katika mfumo wa UTF-8, lina urefu wa 9 kwa kawaida ya Python 2, ihesabuyo baiti, bali 7 kwa Python 3, ihesabuyo herufi na alama. Matengenezo ya Python 2 yalikoma mwaka 2020, lakini tafiti zilizoitegemea zingalipo. Hivyo taswira za matoleo yote mawili zitunzwe, kila moja kwa lebo yake. Hata hivyo lebo haitoshi, kwani yaliyomo chini yake huweza kubadilishwa. Itajwe pia alama ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na yaliyomo yenyewe. Pasipo hiyo, atakayerudia hesabu zetu huenda akapata jibu jingine asijue sababu.